SIAGI KICHWANI: JINSI YA KUITAFSIRI NAHAU YA KIHOLANZI KWA KIINGEREZA

Najua kuna atakayetazama kichwa cha makala haya na kuguna: "Jarida ni la Kiswahili, nahau ni ya Kiholanzi, tafsiri ni ya Kiingereza. Huyu naye amepotelea wapi?" Sijapotea, ndugu msomaji. Safari yenyewe ilianzia mlangoni petu kule Karagita, Naivasha, na ilikaribia kuondoka na kazi ya mama yangu, karo yangu ikifuata nyuma. Wahenga walinena: asiyejua maana haambiwi maana. Leo nathubutu kuwapinga kidogo, kwa sababu mama yangu hakujua maana, nami nikamwambia. Hebu tulia nikusimulie.

Mama ni msimamizi wa kina mama wanaochambua na kufunga maua ya waridi katika shamba moja kando ya ziwa. Maua yakitoka grinihausi, yaani zile nyumba za plastiki za kukuzia maua, hupimwa urefu, hufungwa mafungu mafungu, kisha huingizwa katika chumba baridi yakingoja safari ya ndege. Mengi huenda Uholanzi, ambako kuna mnada mkubwa wa maua mjini Aalsmeer. Kwa hivyo si ajabu kumkuta Mholanzi Naivasha, na meneja wa mama alikuwa Mholanzi.

Likizo ya Aprili ilikuwa imeanza. Mama alikuwa amemwandikia meneja malalamiko kwamba watu wa grinihausi wanachelewesha maua. Maua yanakaa juani juu ya toroli, yanafika yamelegea, halafu lawama zinaangukia kina mama wa kufunga. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo. Lilikuwa sentensi mbili za Kiingereza kwenye kijikaratasi: "You have butter on your head. Better stay out of the sun."

Mama Kiingereza chake ni cha kusukuma siku. Lakini siagi aliijua, kichwa alikijua na jua alilijua. Jioni alifika nyumbani, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Mwishowe akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nywele zangu zina mafuta mengi?"

Nilimwambia hapana. Yalikuwa mafuta yale yale ya siku zote, ya kikopo. Hakuniamini. Siku mbili nzima alikwenda kazini na nywele kavu kama majani ya Januari, kitambaa kikiwa kimekazwa hadi paji la uso. Na kwa kuwa aliambiwa akae mbali na jua, alifahamu kuwa amekatazwa hata kutoka nje ya ukumbi wa kufungia maua, asije akaonekana na wageni. Jumamosi akanipa daftari na kalamu. "Niandikie barua ya kuacha kazi. Siwezi kuitwa mchafu na mtu aliye rika la kitinda mimba wetu."

Niliandika tarehe. Nikaandika mwanzo wa barua kama tulivyofunzwa darasani. Kisha mkono ukakataa. Jambo moja lilinikereketa: mama aliuliza habari ya maua, vipi ajibiwe habari ya nywele? Mtu akikuuliza bei ya sukuma wiki, humjibu kwa urefu wa shingo yake. Nilimwomba mama anipe hadi Jumatatu. Alinitazama, akasema, "Basi Jumatatu. Lakini si Jumanne."

Katika ploti yetu anaishi mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa afisa wa kilimo. Miaka ya 1980 alipelekwa kusoma Wageningen, mji wa Uholanzi wenye chuo kikuu kinachosifika kwa mambo ya kilimo. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, lakini Kiholanzi alikiokota kwa mama mwenye nyumba aliyokuwa amepanga. Nilimpelekea kile kijikaratasi. Alikisoma mara moja tu, akacheka hadi miwani ikamtoka.

"Kijana," akaniambia, "hiki ni Kiholanzi kilichovaa koti la Kiingereza."

Halafu akanifunza. Waholanzi wana nahau "boter op je hoofd hebben". Boter ni siagi, op ni juu ya, hoofd ni kichwa, hebben ni kuwa na. Yaani kuwa na siagi kichwani. Kuna na methali kamili: "Wie boter op zijn hoofd heeft, moet uit de zon blijven." Mwenye siagi kichwani na akae mbali na jua. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya zamani za masoko, mtu alipobeba siagi kichwani kwenda kuiuza. Sisi tunaobeba mitungi na vikapu twaweza kumwona vizuri. Akizubaa juani, siagi inayeyuka, inamchuruzika usoni, na kila mtu anaona. Kwa hivyo mwenye siagi kichwani ni mtu mwenye kosa lake mwenyewe, ambaye hafai kujitokeza kuwalaumu wengine kwa kosa kama hilo, kwa maana litamchuruzika hadharani.

Kumbe! Meneja hakusema neno juu ya nywele. Alichomwambia mama ni hiki: wewe unayelalamika juu ya kuchelewa, nawe pia unachelewa.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali la makala haya. Ikiwa mtu anataka kuisema nahau hiyo kwa Kiingereza, na asieleweke visivyo kama alivyoeleweka meneja, afanyeje? Nilikaa na yule mzee hadi magharibi, na siku zilizofuata nikazidi kusoma. Niligundua kuwa kuna njia tatu, na kila njia ina mahali pake.

NJIA YA KWANZA: NENO KWA NENO

Hii ndiyo njia aliyopita meneja. Alichukua kila neno la Kiholanzi akaweka la Kiingereza mahali pake. Msimcheke upesi, kwani alikuwa na sababu. Kiholanzi na Kiingereza ni lugha za ukoo mmoja. Tazama mwenyewe: boter na "butter", zon na "sun", hoofd na "head". Ni kama Kiswahili na Kikuyu, ambapo mtu ni mũndũ na nyumba ni nyũmba. Maneno yakifanana hivyo, mtu hudhani kwamba hata nahau zitavuka mto zikiwa kavu. Hazivuki. Maneno ni ya ukoo, lakini nahau hujengwa na kila nyumba kivyake.

Waholanzi wenyewe wanalijua kosa hili na wamelipa jina. Kiingereza kibovu cha namna hiyo hukiita "steenkolenengels", yaani Kiingereza cha makaa ya mawe. Jina hilo huhusishwa na wafanyakazi wa bandarini waliozungumza na mabaharia wa meli za makaa kutoka Uingereza. Mwaka wa 2005 Mholanzi mmoja, Maarten Rijkens, alichapisha kitabu kizima cha vituko hivyo, na kichwa chake ni kituko pia: "I Always Get My Sin". Mwingereza akisoma hapo anaona mtu anayejigamba kuwa hupata dhambi yake kila mara! Kumbe kwa Kiholanzi "zin" ni matakwa, na msemaji alitaka kusema kwamba yeye hupata atakalo sikuzote.

Nasi je? Jaribu kumwambia Mwingereza kwamba babu yako amekula chumvi nyingi, neno kwa neno, uone kama hatakuuliza habari za shinikizo la damu.

Lakini njia hii si ya kutupwa. Inafaa pale msomaji anapotaka kuiona picha yenyewe, kama nilivyokuonyesha siagi ikichuruzika. Sharti lake ni moja: ukiweka picha, weka na maelezo. Meneja aliweka picha, maelezo akabaki nayo kichwani. Siagi ilikuwa kwake, nadhani.

NJIA YA PILI: NAHAU KWA NAHAU

Hapa unaiacha siagi, unatafuta Waingereza wenyewe husema nini wakiwa katika hali hiyo hiyo. Wana misemo miwili iliyo karibu.

Wa kwanza: "People who live in glass houses should not throw stones." Anayeishi katika nyumba ya kioo asirushe mawe. Msemo huu ni mkongwe. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyeishi karne ya 14, aligusia jambo hilo katika utenzi wake "Troilus and Criseyde", ila kwake kilichokuwa cha kioo ni kichwa, si nyumba. Mwaka wa 1640 ukatokea mkusanyiko wa methali wa George Herbert, na nyumba ya kioo imo. Sasa sikiliza ajabu: jina la mkusanyiko huo ni "Outlandish Proverbs", maana yake methali za nchi za kigeni. Yaani methali ambayo leo tunaitaja kuwa ya Kiingereza safi, zamani Waingereza walijifunza pamoja na za wageni. Tafsiri nzuri ikikaa sana huwa mwenyeji.

Wa pili: "The pot calling the kettle black." Chungu kinaiita birika nyeusi. Vyote viwili vimekaa motoni, vyote vina masizi. Msemo huu Waholanzi nao wanao, kwao chungu huilaumu birika vivyo hivyo.

Basi tuchague upi? Hapa ndipo mtafsiri hutofautiana na kamusi. Mwanzoni nilidhani chungu na birika vinatosha. Yule mzee akaniuliza, "Kama vinatosha, kwa nini Mholanzi ambaye tayari ana chungu na birika aliona haja ya siagi?" Nikanyamaza. Tofauti ni hii. Chungu na birika husema tu kwamba mko sawa, nyote weusi. Siagi huonya: ukijitokeza utaumbuka. Ina hatari ndani yake, na nyumba ya kioo pia ina hatari, maana mawe hurudishwa. Kwa hivyo nahau kwa nahau, nyumba ya kioo ndiyo iliyo karibu zaidi na siagi ya Mholanzi.

NJIA YA TATU: MAANA TUPU

Njia hii huacha picha zote na kusema jambo lenyewe waziwazi. Katika barua ya kazini ungeandika: "You have also been late, so you are hardly in a position to complain." Wewe pia umechelewa, kwa hivyo huna nafasi nzuri ya kulalamika. Kwa rafiki wa rika lako yatosha kusema: "Look who is talking!" Tazama nani anayesema!

Utamu unapungua, sikatai. Nahau bila picha ni kama ugali bila kitoweo. Lakini ugali mkavu hushibisha, na mtu mwenye njaa ya kuelewa hatakulaumu.

Msidhani kuwa njia ya pili hushinda daima. Nilijaribu nahau nyingine tatu za Kiholanzi, na kila moja ilinipeleka kwake.

Kuna "als het kalf verdronken is, dempt men de put". Ndama akishazama, ndipo watu hufukia kisima. Mchoraji Pieter Bruegel aliichora mwaka wa 1559 katika picha moja yenye methali na misemo zaidi ya 100 ya watu wa nchi hizo, na picha hiyo leo iko Berlin. Mwingereza yeye husema mtu anafunga mlango wa zizi wakati farasi ameshatoroka. Ndama amegeuka farasi, kisima kimegeuka mlango, lakini majuto ni yale yale. Hapa nahau kwa nahau inafaa kabisa.

Kuna "nu komt de aap uit de mouw". Sasa nyani anatoka kwenye mkono wa nguo. Wengi hukimbilia kusema "the cat is out of the bag", paka ametoka mfukoni. Nyani na paka, vyote wanyama, mambo tayari! Polepole. Paka wa Mwingereza ni siri iliyovuja, mara nyingi kwa bahati mbaya. Nyani wa Mholanzi ni nia ya kweli ya mtu iliyokuwa imefichwa. Mtu amekusifu wiki nzima, mwisho anakuomba mkopo: nyani huyo! Ukimtafsiri kwa paka bila kuangalia, umemchukua mnyama na kuiacha nia.

Na kuna niipendayo mimi, "de hond in de pot vinden". Kumkuta mbwa ndani ya chungu. Wenzangu wa bweni msishtuke, mbwa hakupikwa. Ni kwamba umechelewa chakula cha jioni, wenzako wamekula wakamaliza, na mbwa yumo chunguni analamba makombo. Kwa nahau hii sikupata kwa Kiingereza msemo uliotayarishwa unaolingana nayo. Inabidi kusema tu kwamba alifika chakula kikiwa kimekwisha. Wale wa mechi za jioni wanajua ninalosema.

Wakati mwingine lugha hukutana bila kutarajiwa. Sisi husema mwizi ana mkono mrefu. Mholanzi husema ana vidole virefu, "lange vingers". Mwingereza husema vidole vyake ni vyepesi, "light-fingered". Mkono ni ule ule, kila mmoja ameushika mahali pake.

MAMA YANGU NDIYE ALIYENGOJA

Hadi hapa mwanafunzi hodari angeweka kalamu chini na kujipa alama zote. Lakini nyumbani alikuwapo mtu anayengoja, na Jumatatu ilikuwa inakaribia.

Nimwambie nini mama? Ningemletea tafsiri nzuri ya Kiingereza, ile ya nyumba ya kioo, angedhani sasa anasingiziwa kuvunja grinihausi. Tafsiri ilikuwa sahihi kwa Mwingereza, lakini aliyeumia hakuwa Mwingereza. Waingereza husema "double Dutch" wakitaja maneno yasiyoeleweka hata kidogo, yaani Kiholanzi maradufu. Mama alikuwa ameshapata cha kwanza, sikutaka kumwongezea cha pili.

Kwa Kiswahili tuna methali iliyo karibu sana: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Maana inaingia kama ufunguo ndani ya kufuli lake. Lakini niambieni, mwana gani mwenye adabu atasimama mbele ya mama yake mzazi, jioni, chai iko mezani, amtajie methali hiyo? Ningechapwa, na ningestahili. Ndipo nilipojifunza kwamba tafsiri ina swali jingine ambalo halimo katika njia zote tatu: nani anamwambia nani? Meneja Mholanzi, kwa desturi ya kwao, alitumia msemo wa kawaida usio matusi. Mimi ningeutia katika Kiswahili sahihi, ukawa matusi. Maana ingefika na heshima ingebaki njiani.

Nilifikiri sana. Mama ni mtu wa kanisa, Jumapili hakosi. Nikakumbuka Mathayo sura ya 7, kuhusu mtu anayekiona kibanzi katika jicho la ndugu yake na ilhali ana boriti katika jicho lake. Maneno hayo yamo katika Biblia ya Kiholanzi, yamo katika ya Kiingereza, na yamo katika ile ya mama yenye jalada jeusi iliyo kando ya kitanda. Waholanzi huyatumia hata katika mazungumzo ya kila siku, kibanzi na boriti. Basi huu ulikuwa msemo ambao meneja, mimi na mama tulikuwa nao sote watatu. Tulizunguka hadi Aalsmeer kutafuta kitu kilichokuwa chumbani.

Nikamwambia, "Mama, meneja hakusema kuhusu nywele. Alitaka kusema jambo kama lile la kibanzi na boriti."

Mama aliweka kikombe chini. Alikaa kimya. Nilitarajia afurahi kwamba hakutukanwa, lakini uso wake ulibadilika kwa njia nyingine. "Boriti," akasema. "Ni daftari la hesabu." Akanieleza kuwa mwezi huo alikuwa amechelewesha daftari la hesabu ya mafungu mara tatu, kwa sababu wasaidizi wake wawili walikuwa wagonjwa. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

Halafu akafikiri tena, na hapa ndipo nilipomvulia mama kofia. Akasema, "Sawa. Daftari nilichelewesha. Lakini maua bado yanachelewa."

Naam! Siagi ya kichwani ilikuwa ya kweli, lakini ilitumiwa kama kizibo. Mwenye kosa amefungwa mdomo, na kosa alilokuwa akilisema likasahaulika. Mama asingeweza kulijibu neno hilo alipodhani ni habari za nywele. Mtu hawezi kujibu asichokielewa, anaweza tu kulia, au kunyamaza, au kuacha kazi. Alipopata maana, alipata na jibu.

Tuliandika barua usiku huo. Haikuwa ya kuacha kazi. Ilikuwa na mistari minne ya Kiingereza chepesi, njia ya tatu, maana tupu: kwamba ni kweli daftari lilichelewa, na sababu ni hii; kwamba kuanzia wiki hii litafika kila jioni; kwamba hata hivyo maua yanaendelea kukaa juani; na kwamba anaomba mtu aje aone. Nilitaka kutia nyumba ya kioo kidogo, ili barua ipendeze. Mama akakataa. "Tumeshaona mapambo yalivyotufanyia," akasema.

Jumatatu meneja mwenyewe alikuja ukumbini akiwa na barua mkononi. Mama anasema alikuwa mwekundu kuliko waridi. Alimwomba radhi mbele ya wenzake. Alisema alidhani Waingereza nao husema hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine, kwa maana wafanyakazi wakipata vijikaratasi vyake hunyamaza tu. Kisha alitoka na mama hadi kwenye toroli, juani, akaona maua yalivyolegea. Wiki hiyo hiyo saa za kuvuna zilibadilishwa, na kijana mmoja zaidi akawekwa kusukuma toroli. Mama alirudia mafuta yake ya nywele.

Wasomaji wapenzi, nihitimishe. Ukipewa nahau ya lugha yoyote uitafsiri, iwe Kiholanzi, iwe Kikalenjin, iwe Kiswahili chenyewe, usianze na kamusi. Jiulize kwanza: inasemwa wakati gani? Picha yake inafanya kazi gani, inachekesha, inalaumu au inaonya? Nani anamwambia nani? Na atakayesikia ana picha gani tayari nyumbani kwake? Ukishajibu hayo ndipo uchague njia: neno kwa neno pamoja na maelezo, nahau kwa nahau, au maana tupu. Walimu wetu hutukata alama tukitafsiri kwa papara, na sisi hunung'unika. Nami nilikuwa nikinung'unika. Nimekoma, maana nimeona kwamba nje ya darasa alama hukatwa kwenye mshahara.

Asiyejua maana, ndugu zangu, na aambiwe maana. Ndiyo kazi ya chama chetu. Panapo majaliwa tukutane tena katika jarida la mwaka ujao, na mwenye siagi kichwani asihofu jua. Ajipanguse kwanza, kisha atoke aseme lake.

Mwandishi ni Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.